Paa Jekundu la Ng'ambo ya Bonde

Benchi lenyewe halikuondoka. Kimbunga kilibeba duka la Ma Ianthe, rafu, mabati, mlango na saa ya ukutani, lakini benchi la zege lililokuwa mbele ya duka, pale njia panda ya kijiji cha kisiwani cha Fond Laurier, kilishindwa nalo. Kwa hiyo siku ya sita baada ya upepo wenye kijiwe walikuwa wamekaa hapo kama kawaida, wakinywa kahawa kwenye makopo ya maziwa kwa sababu vikombe navyo vilikwenda na upepo. Ma Ianthe aliichemsha juu ya mafiga ya mawe, na kuni zilikuwa kabati lake la vyombo. Milima aliyoiona kijani tangu azaliwe ilikuwa imekwanguliwa majani yote, miti imebaki uchi kama njiti za kiberiti. Na kwa kuwa miti ilikuwa uchi, ng'ambo ya bonde ilionekana nyumba ambayo kutoka kijiweni hapo haikuwahi kuonekana kwa miaka ishirini. Paa lake jekundu lilikuwa juu yake, zima, linameremeta.

— Nyumba themanini, alisema Redio. Themanini! Limebaki paa moja. Na la nani? La Bwana Hapana.

Redio jina lake la ubatizo ni Gerard Laronde. Aliitwa Redio kwa sababu ukimwamsha tu anaanza kutangaza. Na huyo Bwana Hapana ni Theophilus Valmond, mzee wa miaka sabini na moja, mkulima wa migomba, anayeishi peke yake. Kijiji kilimwomba kipande cha shamba wachezee kriketi, akasema hapana. Wakamwomba ngazi ya kupakia rangi kanisa, hapana. Ukimsalimu anakutazama kwanza, kama anayepima hasara.

— Mimi paa lile linaniudhi, alisema Msumari, fundi seremala. Mapaa ya kijiji hiki nusu nimeyapiga mimi. Yote yamekwenda baharini. Lile alilipiga mwenyewe, kwa mikono yake, bila fundi. Mnaona aibu hiyo?

— Wewe uliweka misumari mingapi kwenye langu? aliuliza Jaji.

— Ya kutosha.

— Ya kutosha kufika wapi? Limeokotwa kanisani!

Wakacheka. Jaji alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini. Hakuwahi kuhukumu hata kuku, lakini sauti ya hukumu alitoka nayo kazini.

— Nitawaambieni siri ya lile paa, alisema Msumari. Misumari ya reli. Ile minene. Aliiba kwenye kiwanda cha zamani cha sukari.

— Siyo misumari, alisema Jaji. Ni sheria. Getini kwake kuna kibao: Hairuhusiwi Kupita. Upepo umefika pale, umesoma, umezunguka.

— Upepo umesoma?

— Wewe hujui kusoma, usidhani kila mtu ni kama wewe.

— Nyote wawili mmelala, alisema Redio. Mbuzi. Huyo mzee alipandisha mbuzi kumi na wawili darini usiku ule, wakawe uzito. Upepo unavuta juu, mbuzi wanakaa chini. Na chini ya sakafu ana shimo la sadini. Makopo elfu tatu! Sasa hivi tunavyoongea, jamaa amekaa kwenye kiti cha kubembea anakula sadini na mbuzi wake wanamtazama.

Hapo kicheko kikapungua. Habari ya sadini iliwagusa. Watoto na mama zao walikuwa wanalala kanisani chini ya turubai moja, na jana kila mtu alipata gimbi moja la kuchemsha na maji ya kusubiri yatulie tope.

— Ana vyumba vinne, alisema Msumari polepole. Vikavu.

— Aandikiwe, alisema Jaji. Barua ya wito. Afungue milango, waingie wenye watoto wachanga.

— Nani atampelekea? Daraja halipo.

Kila mmoja akakumbuka goti lake linavyomuuma.

Ma Ianthe hakuchangia. Alikoroga kahawa, akageuza mgongo ili asilione lile paa. Miaka sita iliyopita mumewe, Cuthbert, alifariki wakati wa mvua, na njia ya kwenda makaburini ilikuwa imebomoka. Njia ya mkato ilipita shambani kwa Valmond. Aliendewa, akaombwa kwa upole kabisa, akasema hapana. Jeneza lilizungushwa mlima mzima kwenye matope, likadondoka mara mbili. Tangu siku ile Ma Ianthe hakumuuzia Valmond hata chumvi, na Valmond hakuja kununua.

Lakini si hilo tu lililomfanya ageuze mgongo. Kulikuwa na jambo jingine, la juzijuzi, ambalo hakumwambia mtu.

Mwanamke mmoja akatokea kwenye barabara ya pwani, amevaa mabuti yenye tope hadi magotini, begi kubwa mgongoni. Akasalimia, akauliza kama benchi lina nafasi. Redio akaruka kumpisha.

— Naitwa Verlyn Darroux. Ni nesi. Nimetembea tangu jana asubuhi.

Ma Ianthe akampa kahawa bila kuuliza kitu, akamtafutia sukari iliyobaki kwenye kona ya mfuko. Nesi akanywa yote kwa mkupuo, akafungua daftari. Alitaka kujua kaya ngapi, wagonjwa wangapi, wajawazito, wenye kisukari. Walimjibu vizuri. Kisha akainua macho, akaliona paa.

— Pale pana nani?

Ndipo wote watatu wakaanza kwa pamoja. Misumari ya reli, kibao kilichosomwa na upepo, mbuzi ambao sasa walikuwa kumi na wanane, shimo la sadini, ngazi ya kanisa, uwanja wa kriketi. Nesi alisubiri wakaishiwa pumzi.

— Nimeelewa. Nani amemwona tangu kimbunga?

Redio akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

— Paa tunaliona kila siku, alisema Msumari.

— Sikuuliza paa, kaka yangu. Mtu. Nani amemwona?

Jaji aliangalia ndani ya kopo lake. Ng'ombe wa mtu alilia mbali, wakamsikia hadi mwisho.

— Mimi niliona kitambaa, alisema Ma Ianthe.

Wakamgeukia. Aliuweka mwiko juu ya jiwe.

— Siku ya pili, na ya tatu. Dirishani pale, kitu cheupe. Kinapanda, kinashuka. Nikajiambia ni pazia.

— Pazia hupepea, Ma Ianthe, alisema nesi kwa upole. Halipandi na kushuka.

— Najua. Hata siku ile nilijua. Nikakipa jina la pazia kwa sababu ni yeye. Na juzi sikukiona tena.

Hakuna aliyemlaumu. Jaji, mwenye goti bovu kuliko wote, ndiye aliyesimama wa kwanza.

— Kamba iko wapi?

Mambo yakaenda mbio. Redio alikimbilia kanisani kutangaza, na mara hii hakuongeza kitu: Mzee Valmond huenda ameumia, twendeni. Wakatoka wanawake kwa wanaume, na mapanga, na kamba za kufungia ng'ombe. Msumari alileta msumeno wake wa injini na chupa ya petroli, ya mwisho, aliyokuwa ameificha kwa ajili ya kupasua mbao za paa lake mwenyewe. Aliimimina yote kwenye tangi bila kuitazama.

Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa. Walifunga kamba kwenye jiwe kubwa, Msumari akavuka nayo kiunoni, akaifunga upande wa pili. Wengine wakafuata wakiishikilia. Ma Ianthe alivuka na sketi yake imefungwa kiunoni, maji yakimpiga kifuani. Wenzake walimwambia abaki. Akasonga mbele. Juu ya mto mlima ulikuwa umeporomoka, wakapanda kwa mikono na magoti, wakakata magogo, mpaka saa nane mchana walipofika getini.

Kwa mbele nyumba ilikuwa nzima kabisa. Vioo vilikuwepo, na mlango umefungwa. Msumari alimtazama Jaji, akihofia wataaibika. Kisha wakazunguka nyuma.

Nyuma hapakuwa na nyumba. Mshelisheli mkubwa ulikuwa umeangukia jiko na chumba, umevunja kuta na kung'oa nusu ya paa, ile nusu ambayo kutoka kijiweni haionekani. Siku sita walikuwa wakiuonea wivu upande mmoja wa bati.

— Mzee Valmond! aliita nesi.

Ikajibu sauti nyembamba, kavu, kutoka chini ya matawi:

— Mmechelewa.

Alikuwa amelala chini ya dirisha la ubavuni, lile linalotazama kijiji, boriti imemkalia mguu. Karibu naye palikuwa na sufuria iliyokinga mvua, na maganda ya ndizi mbichi. Fagio lililofungwa shati jeupe lilikuwa pale mkono ulipoliangusha. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini macho yalikuwa yaleyale, yanapima.

— Gerard, alisema. Mbuzi kumi na wawili?

Redio aliganda.

— Umesikia?

— Bonde halina majani. Nasikia kila neno. Kila asubuhi. Leo wamefika kumi na wanane. Mimi mbuzi nawafugia wapi?

— Mzee, mbona hukuita?

— Niliita. Nikapiga sufuria. Hamkunyamaza hata dakika moja mkanisikia.

Redio alipiga magoti palepale kwenye tope, akaushika mkono wa yule mzee, akalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Msumari alikata mti vipande vipande, taratibu, kama anayenyoa mtoto. Watu kumi wakainua boriti. Nesi alifunga mguu kwa mbao na vitambaa, akamtilia maji mdomoni kijiko kwa kijiko. Wakang'oa mlango wa mbele, wakamlaza juu yake. Ma Ianthe alikuwa anamfunga kifuani kwa kamba asiteleze, ndipo Valmond alipomtambua.

— Ianthe. Mimi nilikukatalia jeneza la Cuthbert.

— Ndiyo.

— Niliogopa migomba itakanyagwa. Migomba! Nimelala hapa siku sita nikiiangalia. Hakuna mmoja uliosimama.

Ma Ianthe alivuta fundo, akalikaza. Alikuwa na maneno ya miaka sita tayari mdomoni, ameyapanga vizuri. Alipomwangalia yule mzee aliyekauka kama ng'onda, akaona hayana kazi.

— Na mimi nililiona shati lako, nikasema ni pazia, alimwambia. Sasa tulia, usitikise mlango. Leo unapita wewe.

Valmond akafumba macho, machozi yakashuka hadi masikioni.

Walipofika mtoni maji yalikuwa yameongezeka. Kamba peke yake isingetosha kuvusha mtu aliyelala. Walisimama wakitazamana. Kisha mwanamke mmoja, mwenye mtoto mchanga aliyekuwa analala chini ya turubai, alimpa mwenzake mtoto, akaingia majini, akajishikiza kwenye kamba. Akafuata mwingine. Na upande wa kijijini wakaanza kushuka waliobaki, wazee, mwalimu, shemasi na kanzu yake, mpaka mto wote ukawa umekatwa na watu waliosimama bega kwa bega, maji yakiwapiga mgongoni. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa koudmen, ule wa kufanya kazi ya mwenzako bila malipo, wengine wakaitikia. Mlango ukapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, haukulowa hata ukingo. Ulipogusa nchi kavu, bonde lote lilipiga ukelele ambao Ma Ianthe hakuwahi kuusikia hata siku ya uhuru.

Kesho yake helikopta iliyokuwa ikizunguka kutafuta majeruhi ilitua kwenye uwanja wa shule. Nesi alimwambia Valmond mguu utapona, na atatembea. Kabla ya kupakiwa, mzee alimwita Msumari, akamwambia bati zilizobaki ng'ambo azing'oe zote, akaezeke kanisa, ile pembe wanayolala watoto. Msumari alimuuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

— Na misumari ya reli? alichokoza Jaji.

— Ni misumari ya kawaida, alisema Valmond. Ila nilipiga mingi.

Msumari alilimeza hilo mbele ya watu wote.

Kijiweni hawakurudi. Ma Ianthe alilichukua swali la nesi akatembea nalo. Nani amemwona mchoma mkaa wa kule juu? Nani amewaona wale dada wawili wa nyuma ya mlima? Kila walipokosa jibu, waliondoka na kamba. Mchoma mkaa walimkuta pangoni, ana homa, ana hasira. Wale dada wawili waliwakuta ndani ya tanuri lao la mkate, wamekumbatiana, na kuku katikati yao.

Siku ya tisa alikuja askari mwenye simu ya upepo, akaomba taarifa ya kijiji ili ipelekwe mjini, maana ndugu zao waliokuwa nje walikuwa hawajui lolote. Nesi Verlyn alisimama mbele ya kanisa na daftari lake. Watu wote walikuwa pale, isipokuwa Valmond aliyekuwa hospitalini; hata wagonjwa waliolala walibebwa nje.

— Fond Laurier, alisema nesi. Wakazi mia mbili na kumi na nne.

Simu ikakoroma. Sauti ya mjini, iliyochoka, iliyokwisha kuandika mengi wiki hiyo, ikauliza:

— Waliopatikana hai?

— Mia mbili na kumi na nne.

Simu ikakoroma tena.

— Rudia, Fond Laurier. Sikusikia vizuri.

Nesi aliwageukia watu. Akainyanyua ile simu, akawaelekezea. Na Ma Ianthe, akiwa mbele kabisa, akavuta pumzi, akapaza sauti pamoja na kijiji kizima, mpaka milima ile isiyo na majani ikairudisha namba hiyo mara tatu.