Aliniuliza Ukoo Wangu Kabla ya Kutaja Wake

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango mkitumaini nitamaliza haraka. Sitamaliza haraka. Mimi ni Mwikali, yule mnayemwita Mama Picha, na hapa Kitui ni harusi chache sana ambazo sijazisumbua na kamera yangu. Leo nimesimama kuwaambia jinsi nilivyokaribia kumpoteza mama yangu mzazi kwa sababu ya mtu aliyenisalimia vizuri.

Ndugu zangu, mama yangu anaishi na dada yangu upande wa Sultan Hamud. Alianguka shambani akichuma ndengu, nyonga ikavunjika. Daktari wa mifupa akasema atampasua Alhamisi, lakini kile chuma cha kuweka ndani ya nyonga tununue wenyewe. Alhamisi ikipita, yeye hatarudi hospitali ile upesi. Na mama wa umri ule akilala chali siku nyingi, mapafu huanza kujaa. Daktari aliniambia hayo kwa simu Jumatatu, bila kuzunguka.

Kitu cha thamani nilikuwa nacho kimoja tu, kamera kubwa na lenzi zake mbili. Nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni. Wacha watu wanipigie! Mmoja alitaka tubadilishane na mbuzi. Mwingine aliniuliza niliiba wapi.

Halafu Jumanne asubuhi akapiga mwanamume mmoja. "Bwana asifiwe, mama!" Nikaitika kwa nguvu. Akasema yeye ni mwinjilisti, anaanzisha huduma ya kurekodi mahubiri. Kikamba chake kilikuwa cha salamu tu, akajitetea kwamba amekulia Nairobi. Akaniuliza, "Na nyinyi ni wa mbai gani?"

Mbai ni ukoo, kwa wale mliotoka mbali. Nikamtajia. Mtu huyo akapiga kelele ya furaha! "Hata mimi! Kumbe wewe ni mwiitu wa asa!" Yaani binti wa baba yangu. Ndugu zangu, mnatujua Wakamba. Ukishaniambia hivyo, wewe si mnunuzi tena, wewe ni kaka yangu. Nitakuuliza pesa kwanza vipi? Nikamweleza habari za mama. Akasema, "Tuombe." Akamwombea mama yangu kwa simu mpaka nikalia. Sikuona haya kulia. Nililia kwa sauti.

Baada ya amina akasema nitume kamera Malili, kwa sababu atapita hapo akienda semina. Nikishatuma, nimpigie picha ile risiti ya mzigo, naye akiiona tu atatuma pesa papo hapo. Nikafanya hivyo! Nikafunga kamera kwa sweta mbili kuukuu, nikaitia kwenye katoni, nikaipeleka ofisi ya mizigo hapa mjini. Namba iliyochapwa chini ya kamera sikuiandika popote. Picha ya risiti nikaituma kabla hata sijatoka mlangoni, na namba ya kuchukulia mzigo ikionekana wazi. Mimi, ninayejiita mjanja! Mimi ninayehesabu chenji mara tatu!

Nikasafiri kwenda kwa mama hospitalini. Njiani nikampigia kaka yangu mpya. Akasema mtandao una shida, mwiitu wa asa, vumilia kidogo. Nikavumilia.

Nilimkuta mama amegeukia ukuta, uso umekuwa mdogo. Nikamwambia, "Mwaitu," ndivyo tunavyomwita mama, "Mungu amefungua njia. Kamera imepata mtu. Ni mtumishi wa Mungu, tena ni wa mbai yetu."

Mama akafungua macho. "Nani alitaja mbai kwanza?"

Nikajifanya natengeneza blanketi lake.

"Mwikali. Ni wewe ulitaja ama ni yeye?"

"Ni mimi, Mwaitu."

"Mpigie. Muulize mama yake alizaliwa mbai gani."

Nataka niwaambie ukweli, kwa maana hapa ndipo shetani alinishika. Niliona haya. Nilisema moyoni, nitamhojije mtumishi aliyemwombea mama yangu? Si itakuwa kumshuku Roho? Mama hakunibembeleza. Alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na joto kali, hakuniachilia mpaka nikapiga.

Nikaweka simu kwa sauti ya nje, nikamwambia, "Mama anasalimia, anauliza mbai ya mama yako." Akacheka vizuri sana. "Mwambie hata mama yangu ni wa huko huko! Baba na mama wote damu moja!"

Ndugu zangu, mmesikia? Kwetu watu wa mbai moja ni ndugu, hawaoani! Mtoto aliyekaa na nyanya yake wiki moja tu analijua hilo. Mama alisikia jibu lile, akafumba macho. "Huyo si mtu wetu. Tafuta mzigo wako."

Nikatoa risiti kwenye pochi, nikapiga namba ya ofisi ya Malili. Ikalia, haikushikwa. Nikapiga tena. Haikushikwa. Nilitembea katikati ya vitanda nikisema "Yesu, Yesu, Yesu," wagonjwa wananitazama. Mara ya nne akashika msichana, akasema anaitwa Syombua. Nikampa namba ya mzigo.

"Huo? Mwenyewe ako hapa dirishani. Amenionyesha risiti kwa simu."

"Usimpatie! Mimi ndiye nimetuma! Huyo ni mwizi!"

"Mama, pole pole. Yeye ana namba na ana jina. Wewe nitajuaje ni wewe?"

Ndugu zangu! Kila kitu nilichokuwa nacho, nilikuwa nimempa yule mtu kwa mkono wangu. Ndipo Syombua akasema, "Soma namba ya kitambulisho uliyoandikisha Kitui. Hiyo haiko kwa risiti." Nilisoma tarakimu moja moja, nikarudia moja niliyoiruka. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha nikamsikia akimwambia mtu, "Mwenye mzigo amekataa usitolewe." Na nikaisikia sauti ikijibu, sauti ile ile iliyomwombea mama yangu, ikimtukana yule msichana matusi ambayo siwezi kuyasema madhabahuni. Halafu mlango ukabamizwa. Alitoroka! Haleluya!

Kesho yake mapema nilienda mwenyewe Malili na shemeji yangu, nikarudi na katoni nimeipakata. Mchana uleule mwenye studio ya picha pale Sultan Hamud, baba mmoja Mwislamu aliyeiona kamera mtandaoni, akaniita. Hakuniuliza ukoo, wala hakuomba nami. Aliuliza risiti niliyonunulia, akajaribu kila kitufe, akaandika ile namba ya chini. Tulikutana ndani ya benki, palipo na askari. Nikakataa kuachilia kamera kwa kuona ujumbe wa simu tu, nikasimama foleni nikaulize salio langu. Niliona haya tena. Yeye akasema, "Dada, hakikisha kabisa. Mimi nangoja." Mtu mwaminifu hakasiriki ukimkagua. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima, na linaniuma.

Alhamisi mama yangu aliingia chumba cha upasuaji, chuma chake kikiwa kimelipiwa. Leo amekaa pale mstari wa pili na fimbo yake, na bado ananiita mjinga. Utukufu kwa Mungu!

Sikuokolewa kwa sababu nilikuwa na imani kubwa. Imani niliiweka kwa mtu, nikamwachia Mungu kazi ya kunifuata nyuma. Mwamini Bwana kwa moyo wako wote. Lakini anayetaka mali yako, hata akiomba mpaka akauke koo, mwambie pesa ifike kwanza, kisha mzigo utoke.

Na najua kuna mtu humu ndani ambaye mzigo wake uko barabarani saa hii. Unatabasamu. Unaona haya kuuliza. Mpendwa, sitaki uje hapa mbele nikuombee. Toka nje upige simu. Sisi tutakuombea ukiwa unapiga.