Mzee Zenon, Fundi Umeme Aliyeuchukia Umeme

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Zenon anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Mollo, Sumbawanga, kwa miaka thelathini na mitano. Miaka yote hiyo alikuwa fundi umeme wetu, na ishirini ya mwisho alikuwa pia adui mkubwa wa umeme. Mkuu wa Chuo ameniomba mimi, karani wa masijala, niandike wasifu wenye heshima. Nimejaribu.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba kutoka kijiji cha Mpui, enzi ambazo jenereta iliwashwa saa moja jioni na kuzimwa saa nne. Ndiye aliyevuta nyaya za bweni la wasichana na kufunga taa za bwalo. Radi ilipounguza nyaya za madarasa wiki ya mitihani, aliturudishia mwanga kabla wanafunzi hawajaanza kushangilia. Hakuna mtu aliyepigwa shoti kwa uzembe wake, isipokuwa yeye mwenyewe mara mbili, na zote anadai alisukumwa.

Mambo yaliharibika padri mmoja mzee alipohama na kutuachia maboksi matatu ya vitabu. Walimu walivikimbia. Zenon akavibeba hadi chumba cha jenereta. Vilikuwa vya wanafalsafa wa Ulaya wa mwanzoni mwa karne iliyopita, wale waliochukia mashine, miji mikubwa na kila kitu kilichobuniwa baada ya babu zao. Alivisoma kwa msaada wa kamusi. Mmoja alisema binadamu alipoteza roho siku alipoacha kuamshwa na jogoo. Mwingine alisema kila mtu abaki mahali alipozaliwa, bwana juu, mfanyakazi chini. Huyu wa pili Mzee Zenon alimpenda miezi sita hivi, hadi alipojiuliza yeye angewekwa wapi.

Tangu hapo, ukimwita kubadilisha taa ulipata taa na hotuba. Alipanda ngazi akilaani maendeleo, akashuka taa inawaka. Mwalimu Herieth wa hisabati alijifunza kubadilisha taa mwenyewe ili asisikie tena habari za anguko la ustaarabu. Wanachuo walimpa jina la Mzee Giza, naye akalipokea kama cheo.

Utani ulikwisha alipotangaza kwamba akistaafu atarudi Mpui kuishi kama wahenga: bila taa, bila redio, ulezi ukisagwa kwa jiwe. Mkewe, Mama Cornelia, hakubishana. Alimwambia tu, akimwita kwa jina la binti yao, "Baba Klementina, hilo jiwe nimelipigia magoti toka nina miaka saba. Wewe nenda. Mimi nabaki hapa Mollo."

Tuliingiwa na hofu kwelikweli. Mzee Zenon bila Cornelia hata kofia yake haioni, na sasa ndoa ya miaka thelathini ilikuwa inavunjwa na Wazungu waliokwisha kufa.

Likizo ya Desemba alikwenda peke yake kujaribu. Siku ya kwanza jirani yake Mboje, mfugaji, alimletea simu amchajie, maana alisikia fundi umeme amerudi. Siku ya pili alipiga magoti kwenye jiwe. Kufikia mchana alikuwa na unga wa bakuli moja, wenye mchanga. Siku ya nne akarudi Mollo viganja vimechubuka, akamwambia mkewe maneno ambayo baadaye aliyarudia mbele yetu bwaloni: "Nimevisoma vile vitabu vyote. Hakuna hata kimoja kinachosema nani alikuwa anasaga."

Hatudai kwamba ameacha kusoma. Bado anavitetea, na kusema haki, anapotukuta mezani kila mtu na simu yake, tunazificha mifukoni. Lakini tulipochanga tumnunulie kiti cha kusomea, alikuja ofisini, akafunga mlango, akaomba tukibadilishe kwa mashine ndogo ya kusaga. Kisha akaenda Mpui kufunga sola, akianzia jikoni. Mama Cornelia alikwenda kukagua. Akawasha, akazima, akawasha tena, halafu akarudi Mollo kufunga mizigo.

Mzee Zenon, asante kwa mwanga wote uliotupa huku umenuna. Tulikupenda, na tutakukosa. Nendeni salama wote wawili, mkaishi kwa afya na amani. Ukitaka kusoma usiku, utafute tochi: swichi ya chumbani umeifunga upande wa mama, naye ametuambia anazima saa tatu.