Kofia Kisimani

Babu Kidevu alikuwa akirudi kisiwani kwa kivuko, uso umevimba kwa meno ya bandia aliyowekewa mjini, aliposikia wanawake wawili mbele yake wakisema ameuawa.

“Kofia yake imekutwa kisimani, shoga, pale pale kwenye mpaka wanaogombania yeye na mdogo wake,” alisema muuza samaki. “Muuaji ni nani mwingine?”

“Mdogo mtu? Yule anayeogopa hata kuku?” mshona nguo akamkatiza. “Ni mke! Kachoka kulala na kesi ya shamba kitandani.”

“Basi mbona wamemkamata mdogo mtu? Tukishuka sisi, anapakiwa yeye, kwenda polisi.”

Babu akapapasa kichwa chake kitupu. Kofia ilimdondoka alipoinama kusogeza jiwe la mpaka, kidogo tu, kabla ya kuondoka kimyakimya ili aje awashangaze watu kwa meno. Kufufuka si kazi. Kazi ni kueleza alifuata nini kisimani.

Pale gatini, mdogo wake alisimama mikono imefungwa, akilia, “Kaka yangu jamani!”

Mshona nguo akageuka, asimtambue kwa ule uvimbe. “Babu, tuamulie. Nani kaua?”

Babu akafungua mdomo wake mpya, na kivuko kikagonga gati.