Hironimus Komba na Maji Aliyoyatarajia

Marehemu Hironimus Komba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 kijijini Hanga, Namtumbo, mtoto wa tatu wa Mzee Selestine na Mama Ludovika, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi mwaka 1993, kisha sekondari hapa Songea, na mwaka 2004 akahitimu chuo jijini Dar es Salaam katika fani ya maji ya chini ya ardhi.

Tarehe 6 Oktoba 2007 alifunga ndoa na Walburga, wakajaliwa Leticia na Rupert, wakaishi Majengo, ambako majirani walimtania kwamba hawezi kupita kisima bila kutumbukiza kamba.

Mwaka 2016 aliajiriwa na mgodi wa makaa ya mawe, kazi yake ikiwa kupima maji yaliyojificha kwenye mwamba ulio juu ya wachimbaji, yasije yakawashukia. Septemba 2024 uongozi ulimwagiza apime, akapima, akaandika kwamba vipimo vya kiangazi havitoshi, mwamba ule hunywa masika yote, lazima warudie Machi. Wakachukua tarakimu, sentensi wakaiacha. Machi alipima bila kuagizwa, akakuta maji yamepanda mita kumi na moja, akapeleka taarifa mara tatu, akaambiwa asiwatie watu hofu, na huo ni ukatili, hatuna jina jingine la kuupa.

Tarehe 27 Machi 2025 asubuhi mwamba ulipasuka, Hironimus akashuka kuwatoa wenzake, wakatoka tisa, yeye akatolewa mwisho akiwa na matope mapafuni, akalazwa, akafariki tarehe 2 Aprili saa tisa alasiri.

Jana tuliletewa karatasi na watu wa mgodi, tuisome hapa, isemayo kwamba ndugu yetu ameuawa na maji yasiyotarajiwa. Mzee Selestine aliisoma mara mbili, akawaambia kwamba mwanawe aliyatarajia, tena kwa maandishi, akawarudishia karatasi yao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku sita, majirani wa Majengo waliotupikia, na wachimbaji waliombeba kwa mikono yao, uongozi hatuushukuru. Tumesikia Jumatatu zamu ya asubuhi inaitwa kazini, kwa vipimo vilevile vya Septemba, na masika hayajaisha. Wenye zamu hiyo mpo hapa, tunawasihi msishuke. Nawe Hironimus, ulishasema yote, pumzika kwa amani.