Babu Sebio na Breki za Mteremko wa Cañada Alta

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, siku ya mwisho ya kazi ya Bwana Eusebio Lucero, fundi na dereva wa shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mwalimu Mkuu, Bi Archibeque, aliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la shule, akasema uwe wa kuchangamsha. Nimejaribu. Lakini Babu Sebio, kama tunavyomwita sisi tunaopanda gari lake, hapendi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa hiyo naweka nadhiri kusimulia yote, yanayochekesha na yasiyochekesha.

Bwana Lucero alizaliwa Cañada Alta, kijiji kilicho juu ya bonde letu, mahali ambapo hata maharage hukataa kuiva upesi kwa sababu ya wepesi wa hewa. Ujana wake aliutumia katika gereji ya kiwanda cha mbao. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walishuka Denver kutafuta kazi. Yeye alibaki, na shule ikamchukua.

Mabasi ya shule hayawezi kupanda kwetu, maana kona ni kali mno. Sisi watoto wa juu hubebwa na gari la zamani linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, la mwaka 1979, tunaloliita Bibi. Madereva wa bondeni walizoea kumtania Bwana Lucero kwamba Bibi atastaafu kabla yake. Yeye aliwajibu kwamba Bibi atamzika, na kwamba siku ya mazishi atawaka kwa mkupuo mmoja, tofauti na mabasi yao. Mtoto aliyechelewa kutoka nyumbani alipokelewa kwa kuulizwa kama mfalme amekwisha kunywa chai. Hakuna aliyewahi kuachwa, lakini hakuna aliyependa kuulizwa mara mbili.

Wengi wa bondeni hawajui desturi yetu ya pale msalabani. Kabla ya mteremko kuanza kuna msalaba mweupe wa mbao kando ya barabara. Kila asubuhi Bwana Lucero alisimamisha gari hapo, akazima redio, akainua kidole. Sote tulinyamaza, hata wadogo kabisa. Kisha alikanyaga pedali ya breki na kusikiliza.

Alikuwa akiisikiliza busta. Hicho ni chombo cha duara cha chuma, mfano wa sufuria iliyofunikwa, kinachokaa mbele ya pedali na kuuongezea nguvu mguu wa dereva. Injini hunyonya hewa kutoka ndani yake, na nguvu hutokana na unyonyaji huo. Huku juu, kwa kuwa hewa ni nyepesi, injini hunyonya kwa udhaifu, na busta ndogo ya Bibi haikuwa na akiba ya kupoteza. Kiwambo cha mpira kilichomo ndani kikitoboka, hewa huvuja ikilia "sss" karibu na mguu wa dereva. Ndiyo maana tulinyamaza. Mama yangu alinyamaza pale kabla yangu, naye bado hushusha sauti akipita msalabani, hata akiwa ndani ya gari lake mwenyewe.

Asubuhi moja ya Novemba iliyopita tulinyamaza kama kawaida, na sote sita tukaisikia "sss" waziwazi. Bwana Lucero alisikiliza, akashusha kidole, akaondoka. Tulidhani ameisikia na kuona si kitu. Tobías, ambaye yuko darasa la kwanza, alifungua mdomo, na dada yake Delfina akamfinya paja. Kimya ni kimya.

Katika kona ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Bwana Lucero aliikanyaga kwa miguu yote miwili, akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, na mwishowe akamwegemeza Bibi kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima. Tulisimama. Upande wa pili hakukuwa na ukuta. Hakuna aliyeumia. Alitushusha, akatupanga mbali na ukingo, akatuhesabu, akatuhesabu tena.

Hapo Tobías akasema, huku akilia, "Babu, ilikuwa inalia tangu msalabani."

"Inalia nini?"

"Sss. Hukusikia?"

Bwana Lucero alitutazama mmoja mmoja. "Nyote mlisikia?"

Delfina akajibu, "Ndiyo, Babu. Lakini si ulituambia tunyamaze?"

Alivua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na theluji. "Basi kosa ni langu," akasema. "Niliwafunza nusu."

Siku hiyo hiyo alimweleza Mwalimu Mkuu kila kitu, na Bibi akafungiwa gereji. Katika likizo ya Krismasi Bwana Lucero alimwekea busta mpya, kubwa zaidi, yenye viwambo viwili vya mpira badala ya kimoja. Alitueleza kwamba hata huku juu, wasaidizi wawili dhaifu hufanya kazi ya mmoja mwenye nguvu.

Haikuwa kazi nyepesi. Busta mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, ikagoma kuingia mahali pake mpaka akachonga kishikizo kingine cha chuma. Kisha kuna ufito unaotoka kwenye busta kwenda kuisukuma silinda ya breki. Ukiwa mfupi, pedali huzama bure. Ukiwa mrefu, breki hubana zenyewe hata mguu ukiwa umeinuliwa. Mara ya kwanza ulikuwa mrefu. Alimzungusha Bibi kwenye uwanja wa kanisa, na magurudumu yakaanza kufuka moshi mbele ya watu waliokuwa wakitoka misani. Padri alimuuliza kama anachoma pilipili.

Basi akaenda jikoni kwa mkewe, Bi Ramona, akaomba donge la unga wa tortilla, zile chapati za kwetu. Alilibandika kwenye ncha ya ufito, akafunga silinda, akaifungua tena, akautazama unga ulivyobanwa. Unene uliobaki ulimwonyesha nafasi iliyopo. Alirekebisha, akaomba donge jingine, akapima tena. Bi Ramona alilalamika kwamba mwaka huo Bibi amekula tortilla nyingi kuliko wajukuu. Mwishowe breki zilipatana, akatoa hewa kwenye mabomba yote, na Januari tukashuka mlima kwa pedali laini iliyoitika mara moja. Tulipiga makofi. Pale msalabani tulisimama na kunyamaza kama zamani, na hatukusikia kitu.

Ningependa kuishia hapo, lakini niliweka nadhiri.

Mwezi huu Bwana Lucero alikwenda mwenyewe kupimwa masikio, kabla hajatakiwa na mtu. Bi Ramona alimsimulia mama yangu kwamba daktari alisimama nyuma yake, akanong'ona, naye akaendelea kuutazama ukuta akisubiri kipimo kianze. Dereva asiyesikia mnong'ono haruhusiwi kubeba watoto. Hakubishana. Alirudi na kuziweka funguo za Bibi juu ya meza ya Mwalimu Mkuu.

Hajapatikana fundi wa kushika nafasi yake, na nimeambiwa hatatafutwa. Gereji itafungwa leo jioni. Bwana Hollis, dereva wa bondeni, atatubeba mpaka Juni. Baada ya hapo safari ya Cañada Alta itafutwa na Bibi atauzwa. Familia mbili zimekwisha kuhama. Mama yangu ameanza kuulizia vyumba vya kupanga mjini Pueblo, na baba hatoki nje jioni kuitazama milima kama alivyozoea. Tukiondoka, juu watabaki wazee na mbwa. Nimeitafuta sentensi ya kuchangamsha ya kuweka mahali hapa, na sijaipata.

Jumatano Bwana Hollis alitubeba kwa majaribio. Ni mtu mpole. Alifika msalabani akapita bila kusimama, redio ikiimba. Delfina alimwomba asimame, akamweleza sababu. Alicheka bila ubaya, akasema, "Busta hii ni mpya, mabinti. Hakuna cha kusikiliza." Hata hivyo, kesho yake alisimama kwa sababu yetu. Hakuzima redio, lakini aliipunguza.

Bwana Lucero, shule inakushukuru. Kwa miaka thelathini na mmoja hukumpoteza hata mtoto mmoja kwenye mlima ule. Umetufanyia kazi kubwa kuliko mshahara wako, na umetuambia ukweli ulipokuwa unakuumiza wewe mwenyewe. Tunakutakia siku za utulivu, afya, jiko lenye moto, na Bi Ramona asiyelazimika tena kukugawia unga wa gereji. Wanafunzi wa bondeni wametoa mchango wakakununulia kiti cha bembea. Sisi sita wa juu hatukujua la kukuletea, kwa hiyo tumekuletea swali. Mwalimu Mkuu ameniruhusu kuliweka hapa.

Bwana Hollis ataendelea kusimama msalabani. Tumekwisha kumwomba, na akisahau tutamkumbusha. Tutanyamaza, na safari hii yeyote atakayesikia atasema, hata awe Tobías, na hakuna atakayemfinya. Nusu ile ya pili tumeielewa.

Lakini ile sauti tuliyoijua ilikuwa ya busta ya zamani, na wewe peke yako ndiye uliyeifungua hii mpya ukaona ilivyo ndani. Tafadhali usingoje tuje kukusalimu. Utuandikie, tupate jibu kabla ya Jumatatu asubuhi. Babu Sebio, busta hii ikianza kuharibika, italia vipi?

Noemí Vialpando,
Darasa la nane