Historia ya Kaka Yetu, Mchimba Mawe ya Chaki

Ndugu waombolezaji, naomba mnivumilie, sauti yangu imekauka kwa siku hizi za kuuguza na kulia, ila familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Cheupe, kwa sababu ya lile vumbi ambalo halikutoka nyusini mwake hata akioga mara mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba hiihii ya chini ya kilima, akiwa wa kwanza kati yetu wawili. Alianza darasa la kwanza Januari 1964, akaacha shule mwishoni mwa 1970 baba alipofariki, na tarehe 2 Aprili 1973 akaajiriwa machimboni, kazi aliyotuambia ni ya muda tu, mpaka mambo yakae sawa.

Mambo hayakukaa sawa. Alikata kwa sururu mawe yale meupe, laini kiasi cha kukwanguka kwa ukucha, yakapelekwa kusagwa yawe rangi ya kuta, dawa ya meno na unga wa kung'arishia vyombo, na mengine yakachomwa kuwa chokaa. Siku moja alikuja mtaalamu wa miamba, akawaeleza kwamba hapa zamani palikuwa bahari, na kwamba chaki ile ni magamba ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, waliokufa wakatuama chini, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Kaka alirudi jioni, akakaa kizingitini bila kuvua buti, akamwambia mama, "Kumbe muda wote huu nachimba makaburi." Mama akamjibu, "Haya, nawa mikono ule."

Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani, ambaye kaka alikuwa akimpelekea vipande bapa vya chaki alivyovichonga mwenyewe, vya kuchoria vitambaa, na wifi akidhani anafanya biashara, mpaka siku alipomuuliza bei, kaka akabaki anatazama viatu vyake. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1982, 1985 na 1990.

Tarehe 19 Agosti 1994 ukuta wa machimbo uliporomoka, ukamfukia mwenzake wa zamu, huyu mnayemwona ameketi mbele na mkongojo wake, Kibonge. Wengine walikimbia, na hatuwalaumu, maana mawe yalikuwa bado yanamwagika, ila kaka alibaki akifukua kwa mikono hadi kucha zikang'oka, akamtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Msimamizi alipotaka kuajiri mtu mwingine, kaka akamwambia, "Nafasi yake msiiguse, fungu lake nitachimba mimi," na akalichimba mwaka mzima juu ya lake, akirudi nyumbani kijiko kinamshinda kushika, wifi akimfungua kamba za buti yeye ameshasinzia. Hatukumsikia akilalamika, tulimsikia akikohoa.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2019 kifua kilimbana, madaktari wakatueleza kwamba mapafu yamejaa vumbi na yamechoka, na tangu hapo akawa analala ameketi, ameegemea mito, wifi na mimi tukipokezana, na Kibonge akija kila jioni kukaa naye. Jumatatu tarehe 3 Juni 2024 akili ilimpotea kidogo, akamuuliza Kibonge, "Kesho tunaingia saa ngapi?" Kibonge akamwambia, "Wewe lala tu, nimeshakuombea ruhusa." Kaka akashusha pumzi, akasema, "Afadhali." Alifariki asubuhi iliyofuata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufulia, na wachimbaji wenzake mlioacha kazi leo. Kama kuna niliyemsahau anisamehe, tumechoka. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mimi.

Kaka yangu, pumzika kwa amani, na safari hii usiamke mapema.