Yotham Matonya, Aliyekataa Kuandika Zambia

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Makutupora leo Alhamisi, tarehe 19 Juni 1997, familia inaomba mtulie kidogo, tumsome mzee wetu jinsi alivyokuwa, si jinsi alivyosemwa vijiweni.

Marehemu Yotham Matonya alizaliwa Mlali, Kongwa, tarehe 14 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1948 akaajiriwa katika mradi wa karanga, kazi yake ikiwa kufuata trekta akiokota mawe na visiki, na huko ndiko jembe lilikomfukulia sarafu yake ya kwanza, heller ya Mjerumani, ile iliyotuachia neno hela. Mradi ulipokufa alirudi kulima, na Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba 1956 akafunga ndoa na Raheli Chidawali, wakajaliwa watoto watatu, Restuta, Joshua na Violeth. Mwaka 1966 walihamia hapa, akawa mtunza stoo wa shamba la zabibu hadi alipostaafu mwaka 1986.

Miaka yote hiyo alikusanya sarafu za kale, na Mama Raheli, kwa nia njema kabisa, siku moja alizisugua zote kwa majivu na ndimu zikang'aa, Mzee akanuna wiki nzima, kwani kumbe sarafu ya kale haisuguliwi. Walimwengu hawakosi la kusema: wapo waliodai anatafuta mali iliyozikwa na Mjerumani, wapo walioapa anawauzia waganga rupia, na wengine wao wamo humu msibani, karibuni sana. Ukweli ni kwamba kila Jumamosi aliwapanga wanafunzi uani, akawashikisha sarafu moja moja, bure, na mwaka 1989 mgeni mmoja alipotaka kuzinunua zote alimfukuza, akisema mali kale haiuzwi nje, na sheria ndivyo isemavyo.

Agosti 1994 alisafiri hadi Mbala, Zambia, kwa familia ya mpagazi aliyefuata vita vya Mjerumani, ambayo ilikuwa imetunza sarafu za hela arobaini na tatu, zilizogongwa na Mjerumani huko Tabora mwaka 1916, nao walipomwona anavyozishika wakampa zote ndani ya kopo la maziwa ya unga, wakamwambia azirudishe nchini zilikogongwa. Akirudi, mpakani, kituo hatukitaji, wenyewe wanajijua, afisa alilizuia kopo, akisema vitu vya kale haviingizwi nchini bila kibali, akampa fomu, na penye nchi itokako bidhaa Mzee akaandika Tabora. Afisa akaichana. Miaka hiyo milango yote ya biashara imefunguliwa, mitumba inaingia, friji mbovu zinaingia, hata soksi zilizotoboka zinaingia, ila kilichozaliwa Tabora kikirudi nyumbani kinaitwa bidhaa ya kigeni!

Alirudi kule mara tatu, na mara ya tatu afisa alimbembeleza kwamba, mzee wangu, andika tu Zambia uchukue hela zako, naye akamjibu kwamba hilo neno hela analolitamka limetokana na sarafu hizo hizo, basi aonyeshe kwanza kibali cha kuliingiza. Sisi wanawe, tuseme kweli, tulimsihi aandike Zambia yaishe, Joshua hata akataka kumwandikia kwa siri, na Mzee akamwambia kwamba ukishasaini kuwa chako ni cha wageni, kesho hutakuwa na mdomo wa kukidai. Tulikasirika, na leo tunaona aibu.

Kisukari kilimwanza mwaka 1995, mwaka huu kikashika figo, akalazwa Dodoma mjini mwezi Mei, na Ijumaa tarehe 13 Juni ikaja barua, na fomu mpya ndani yake, kwamba fomu hiyo isiporudishwa imejazwa ipasavyo kufikia mwisho wa mwezi, kopo litataifishwa. Restuta alimsomea barua hiyo kitandani, na Mzee, ambaye hata kijiko kilikuwa kimemshinda, akaomba kalamu, akaandika Tabora, herufi zimepinda lakini zinasomeka, akatia saini. Jumanne tarehe 17 Juni, saa kumi na moja alfajiri, Mungu alimwita, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, wenzake wa shamba la zabibu waliochimba kaburi, na wanafunzi wake wa Jumamosi, ambao wengi sasa ni watu wazima. Afisa wa mpakani hatumshukuru, maana Mzee asingependa tuseme uongo mbele ya jeneza lake.

Jumatatu Restuta anaipeleka fomu kwa mkono, kama ilivyo, na wakiichana tupo watatu, na Mama wa nne, na sote tunajua kuandika Tabora.

Pumzika kwa amani, Baba.